Kibarua Niliyemtuma Mferejini

Sijui kutulia. Nikiwa Bukoba naiwaza nyumba ya mama kule Ijumbi. Nikifika Ijumbi, saa moja haijapita nimeshaulizia basi la kurudi. Mama husema nina miguu ya kuku aliyefungwa kamba.

Mwaka ule kijiji kiliamua kutumia maporomoko ya kijito chetu kujitengenezea umeme, labda waliohama watarudi. Ukipita kule mlimani milango mingi ilikuwa na kufuli, na vibanja vya migomba vimemezwa na magugu. Sharti lilikuwa moja: kila nyumba itoe mtu wa kuchimba mfereji wa kupeleka maji kwenye mtambo. Nyumba isiyotoa mtu, waya hautafika.

Nikajiona mjanja. Nilitafuta kibarua kule Kagondo, mtu wa misuli, nikampeleka stendi, nikarudi ofisini nimeridhika. Siku mbili tu. Ya tatu kiti kikaanza kunichoma, nikapanda basi.

Nilimkuta mama ndani ya mfereji, gauni amelikunja mpaka magotini, anachimba. Kibarua wangu alikuwa amerudishwa siku ileile aliyofika. Niliona aibu, aibu ya kweli.

"Mae, toka humo!"

"Nikitoka, nyumba ya baba yako imemtoa nani?"

Msimamizi, mzee jirani yetu, hakunikemea. "Hapa tunachimba kama tunavyozika," alisema. "Wewe umeona wapi mtu akatuma kibarua msibani?"

Nilivua viatu, nikachukua jembe la mama. Mchana ikapitishwa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, na msimamizi akaanza na mimi, kama desturi inavyotaka kwa mgeni. Heshima ile iliniudhi kuliko tusi. Mimi, niliyezaliwa hatua chache kutoka pale!

Jioni basi lilipiga honi kule barabarani. Miguu ilitaka kukimbia, na nusura niiruhusu. Sikwenda. Kesho yake pia sikwenda, ingawa viganja vilikuwa vimetoka malengelenge na simu ya ofisini haikukoma kuita.

Siku ya tano mafundi wa mtambo walifika kutoka mjini. Msimamizi akabeba kikapu, akawapita, akaja moja kwa moja kwangu. Kumbe bado mimi ni mgeni, nikawaza. Hata hivyo nikanyoosha mkono nichukue punje zangu.

Akanikabidhi kikapu chote.

"Wape wageni," alisema.