Dua ya Goti la Mama

Hii ningeenda nayo kaburini, ila najua Nassor ameshawasimulia na chumvi zake, basi isikieni na kwangu mimi mwenye aibu yangu.

Nassor ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, Mzanzibari aliyezaliwa hapa hapa Dubai, na sote wawili tulikuwa makocha wa besiboli, yeye wa kampuni yao ya mizigo kule Airport Freezone, mimi wa vijana wa ghala letu Dubai Investments Park. Tukawekeana sharti: atakayeshindwa atawapakulia wakwe pilau Ijumaa na kutamka mbele yao kwamba mwenzake ndiye kocha. Mbele ya baba mkwe, jamani!

Sasa mimi nilikuwa nimesoma habari za mameneja mahasimu wa Marekani, wale wa miaka mia iliyopita, waliosimamia mechi na suti zao huku wakiibiana ishara, kichwa kikavimba. Nikavaa suti yangu ya harusi kwenye lile joto (msicheke), nikatunga ishara ambayo Nassor hataishuku: nikipangusa uso kwa viganja viwili, kama mtu aliyemaliza dua, walio kwenye beisi, vile vituo vinne vya kuzunguka mpaka upate pointi, wachomoke mbio hata kama mpira haujarushwa.

"Msiangalie kingine, niangalieni mimi tu!" nikawaambia.

Mara ya kwanza ikajibu, tukapata pointi, nikaruka mpaka suruali ikaachia mshono (koti lilinisitiri). Nassor akanitazama, akakuna ndevu.

Zamu ya mwisho anatuongoza kwa pointi moja, mmoja wetu katolewa (wakitolewa watatu zamu imekwisha), lakini Otieno yuko beisi ya tatu na mwenzake ya pili, wakifika hao tumeshinda, mara Nassor ananiita kutoka ng'ambo.

"Shemegi! Mama goti lake vipi?"

"Bado linamsumbua!"

"Masikini. Hebu tumuombee."

Akainua mikono, akaomba kwa sauti nzito mama yangu kule Mombasa apone, atembee, nami mtoto mwema nikainua yangu, amin, amin, nikapangusa uso.

Wakachomoka! Wote wawili! Mpira uko mkononi mwa mrushaji wao, wakadakwa kama kuku. Khalas, mechi imekwisha.

"Coach, si umepangusa uso?" Otieno akaniuliza, mchanga mdomoni.

Pilau nilipakua, maneno nikatamka, baba mkwe akacheka mpaka akapaliwa. Nikaapa sisemi tena na Nassor. Kesho yake mama akapiga simu: goti limepoa, ameenda sokoni kwa miguu yake.

"Mshukuru huyo shemeji yako, kanipigia kunisimulia dua yake," akasema.

Nikamshukuru, ningefanyaje? Ila siku hizi ishara yangu ni kushika sikio, na Nassor akiinua mikono uwanjani, naitikia amin nimekalia viganja vyangu.