Chumba Kisicho na Pini

Binti yangu alipokaribia kurudi kazini, mtoto wake akiwa ndiyo kwanza anatambaa, nilitangaza kwamba mjukuu wangu hatalelewa na mtu wa kuajiriwa wakati mimi ni mzima hapa Kangemi. Yeye na mumewe wanaishi Spring Valley. Usifikirie zile nyumba za mageti makubwa. Wako nyuma ya mojawapo, katika chumba cha wafanyakazi, kwa kuwa mkwe wangu ndiye anayetunza bustani ya pale. Binti ni mtu wa mapokezi katika ofisi moja katikati ya jiji. Watu huniuliza kwa nini nisihamie kwao yakaisha. Kwetu magharibi mwa Kenya mama mkwe halali nyumba moja na mkwewe, hata nyumba ikiwa na vyumba kumi, na ile ina kimoja na pazia. Kwa hiyo ilikuwa mtoto aje kwangu, la sivyo alelewe na mgeni.

"Sawa mum, lakini kwanza tukuje Sunday nione nyumba," aliniambia kwenye simu.

Aone nyumba! Mtu aliyejifunza kutembea katika chumba hikihiki, ameshika mguu wa cherehani hiihii. Nilikata simu nikanung'unika mpaka chai ikapoa.

Hasira ilipokwisha, nilitazama. Mimi ni fundi wa nguo, na chumba ninacholala ndicho ninachoshonea. Nilipiga magoti nikatambaa kutoka mlangoni hadi kitandani, ili nione anachokiona mtoto. Magoti yalilalamika kwa sauti. Lakini huko chini, ndugu yangu, kulikuwa na dunia nyingine: pini, vifungo, sindano iliyovunjika, wembe wa kufumulia, na waya wa pasi unaning'inia karibu kabisa na pua yangu. Nilishangaa kwamba nililea mtoto humu na akafika shule akiwa na macho mawili.

Nikaanza kazi. Fundi wa redio alinipa sumaku kutoka spika iliyokufa. Niliifunga kwenye mti wa fagio nikaipitisha kila pembe, na ikawa inarudi na ndevu za pini. Mafuta ya taa, ambayo tangu zamani nayaweka katika chupa ya soda, niliyatia katika mtungi wenye kifuniko kigumu, nikaupandisha juu ya kabati. Beseni la maji likaenda juu. Thamosi ya chai juu. Nilifunika gurudumu na pedali ya cherehani kwa gunia nikalishona kabisa, nikasema nitashona mtoto akilala, nikilifumua na kulirudisha. Mlangoni niliweka komeo kwa juu, kwa sababu nje kuna ngazi, na ngazi za ploti yetu, jengo hili la vyumba vya kupanga, hazina hata chuma cha kushika. Mwenye ploti nimemwambia habari hiyo miaka mingi, amezeeka akisikia.

Shida ilikuwa watu. Wateja wangu hawaachi nguo na kwenda zao. Huketi kitandani wakingoja zipu, wanachomoa pini kwenye nguo huku wakisimulia mambo ya waume zao, na pini haijulikani imeangukia wapi. Kila nilipomaliza kupitisha sumaku, alikuja mwingine nikarudia upya. Mwishowe niliwaambia waache nguo kwenye duka la chini, nitawapigia zikiwa tayari.

"Ai mathe, kwani tumekukosea?" mmoja aliuliza.

Kisha kulikuwa na jirani yangu wa mlango wa pili, mjane kama mimi, mzaliwa wa Kiambu, ambaye kila alasiri alikuja na njugu karanga za kukaanga tukanywa chai. Njugu zilikuwa zikidondoka, na njugu moja inatosha kumkaba mtoto. Nilimwomba aje bila njugu.

"Njugu zangu zimeua nani?" alisema, akabeba bakuli lake. Hakuja tena, na mimi nina kiburi, sikumfuata.

Siku za kungojea hiyo Jumapili zilikuwa ndefu. Chumba kilikuwa kisafi mpaka kikanitisha. Nilishona peke yangu, komeo limefungwa, na nilipoongea niliongea na kitambaa. Nilijifariji kwamba upweke huu ni wa muda, mtoto anakuja, atajaza nyumba kwa kelele.

Jumapili wakaja baada ya kanisa. Niliweka mtoto sakafuni na akaenda. Alitambaa chini ya kitanda akatokea upande wa pili akicheka, mikono mitupu. Nilimwambia, "Njoo kwa kukhu," maana kwetu bibi ni kukhu, sitaki haya mambo ya Nairobi ya shosho, na akaja moja kwa moja akashika sketi yangu. Mama yake alipitisha kidole chini ya kabati, akavuta waya, akajaribu komeo. Moyo wangu ulikuwa umejaa furaha.

"Mum, umetengeneza poa sana," alisema. "Hata kwangu si safe hivi." Kisha akatazama kitanda kitupu. "Lakini watu wako wapi?"

"Watu gani?"

"Wale hukaa hapa. Makastoma. Mama wa njugu."

"Nimewaondoa. Wanaangusha vitu."

Alikaa chini polepole. "Mum, ile siku presha ilikuangusha, si ni kastoma aliita watu? Mimi nilikuwa nategemea hao. Sasa ukianguka mko wawili, mlango umefungwa juu, nani atajua? Huyu hata hajui kuita mtu."

"Nitawaita warudi. Leo hii."

"Na pini?"

Niliitazama sumaku kwenye mti wa fagio. Alikuwa akisema kweli, na alikuwa analia, kwa hiyo sikuweza hata kumkasirikia. Mtoto alilala mapajani mwangu mpaka saa ya kuondoka, na nilipompa mama yake, sketi ilikuwa na joto lake bado.

Sasa mtoto anaachwa kwa mlezi karibu na kituo cha Westlands. Jirani hajarudi. Kila asubuhi binti hunipigia kabla ya kupanda gari la mjini, kuuliza kama nimeamka. Hiyo ndiyo simu yenyewe: umeamka, mum? Najibu upesi asije akashtuka. Mara nyingine namsikia mtoto nyuma yake akipiga kelele, nami naanza kuuliza amekula nini, na binti ananiambia haya basi mum, uko sawa, wacha nikimbie.