Panya, Watani wa Dada Yangu

Nyumbani kwetu Mtongwe mpishi ni mimi. Majirani husema ni uvivu wa kutoka, na kweli feri ya kuvukia mjini naijua zaidi kwa kusimuliwa. Lakini jiko nililishika siku dada yangu mdogo alipoangukia sufuria ya maharagwe. Ana kifafa. Tangu hapo hakaribii moto, nami nikapata kisingizio cha kutotafuta kazi.

Dawa zake zilianza moja, zikawa mbili, zikawa tatu. Kila alipoongezewa nilimtazama akinywa chai kama unavyotazama maziwa motoni. Kisha kikombe kikaanguka. Daktari akatuambia wazi kwamba kuna kifafa kisichosikia dawa.

Kidato changu cha nne kinanitosha kuperuzi simu. Nikasoma kwamba watafiti fulani waliwapa panya wenye kifafa cha aina hiyo dawa za kutuliza uvimbe, maana huenda ubongo wenyewe unawaka ndani kama kidonda. Baadhi ya panya wakapata nafuu. Nikaruka. Dawa za uvimbe si ndizo za magoti ya Mama, kopo zima juu ya kabati?

"Kwa hiyo mimi panya?" dada akauliza nilipomsimulia.

"Tena mnene."

"Basi usiwatege tena. Hao ni watani zangu."

Kwetu mtani hukuchezea hata matangani, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Mtego ukaondoka jikoni, panya wakala unga wangu kwa heshima zote.

Kopo hatukulifungua, tulilibeba hadi kliniki. Daktari akaligeuza, akalirudisha.

"Hizi si zile walizopewa. Na hata zile, hao ni panya wa maabara. Kwa mtu kama yeye bado hatujui. Ukimchanganyia kienyeji utamdhuru."

"Mtajua lini, daktari?"

Akaandika dawa zile zile.

Tulipotoka nje dada akanishika mkono. "Kaka, wale panya waliopata nafuu, baadaye walipelekwa wapi?"

Hilo pia nilikuwa nimelisoma. Huuawa, ubongo upate kuchunguzwa.

"Waliachiliwa. Wako makwao."

"Muongo! Wewe mwenyewe kutoka nyumbani hujui, utajuaje habari za walioachiliwa?"

Akacheka, na kicheko kikakatika katikati. Nilimdaka kabla kichwa hakijagonga saruji, nikamlaza ubavu, kiganja changu chini ya shavu lake. Kopo la Mama likabingirika hadi mtaroni. Watu walikuja kutazama, wakarudi nyuma wasiguswe na povu, kana kwamba kifafa kinarukia mtu. Nikasubiri. Nilikuwa sina kingine cha kufanya ila kusubiri, na hiyo kazi nilidhani naiweza.

Jioni, yeye akiwa amelala, nilisonga ugali. Nikabandua ukoko nikauweka kwenye kona ya panya. Sikuwa na mwingine wa kumwomba nafuu ya dada.