Maporomoko ya Viktoria Yalipofika Buruburu

Mnaonijua mnajua kwamba mimi si mtu wa kuona haya haraka, lakini kuna Jumamosi moja ya miaka ya tisini ambayo mtu akiitaja nikiwa nakunywa chai, chai inanipitia puani. Afadhali niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Barasa, maana yeye hutia chumvi, na mkasa huu haukuhitaji chumvi hata chembe.

Siku hizo nilikuwa naishi kwa wazazi wangu Buruburu, napiga taipu katika ofisi ndogo ya usafiri mjini, na kazi hiyo ilikuwa imeniambukiza ugonjwa wa kutaka kuona dunia. Kutwa nzima naandikia watu wengine safari zao: huyu anakwenda Brazili kutazama maporomoko ya Iguazu, yule anakwenda Norwe kuona anga likicheza rangi, mwingine anakwenda Marekani kusimama ukingoni mwa bonde la mawe mekundu ambalo mwisho wake hauonekani (na mimi mbali nilikowahi kufika ni Bungoma, kwa nyanya). Kalenda na mabango ambayo ofisi ilitaka kutupa niliyabeba nyumbani nikayabandika ukutani, mpaka Baba akasema kuingia chumbani mwangu kunahitaji pasipoti.

Sasa Barasa, kijana niliyempenda hadi chakula kikawa hakipiti, alifanya kosa la kumweleza mama yake habari za kuta zangu. Mama mtu, aliyekuwa akiishi Makadara na mumewe, mfanyakazi wa reli, akauliza, "Msichana anayeota Brazili, nyumbani atakaa saa ngapi?" Kwa hiyo waliposema wanakuja kwetu kubisha hodi ya posa, nilijua mama huyo anakuja kunipima. Akiona ninajua nyumba, harusi ipo. Akiona sijui, Barasa atatafutiwa mwingine, na Barasa kwa mama yake hakuwa na ubishi.

Nilibandua mabango yote isipokuwa moja, Maporomoko ya Viktoria, kubwa kama shuka, lililokuwa sebuleni. Baba alisema, "Nasimiyu, na hilo pia toa." Nikamwambia, "Baba, nikilitoa wataona ukuta." Maana nyuma yake palikuwa na doa la unyevu, pale mabomba ya bafu la juu yanaposhukia, doa baya la kutia aibu. Baba akalifikiria doa, akaniachia. Nikalikandika bango upya kwa uji wa ngano, nikasogeza kochi zuri chini yake, nikatandaza vitambaa vyetu vyeupe.

Maji nayo yalikuwa yamepotea mtaani wiki nzima. Nilifanya ambalo mtu yeyote wa mitaa yetu ya Eastlands angefanya: niliziba hodhi la kuogea kwa kizibo, nikaacha mfereji wazi, ili maji yakirudi hata kwa dakika chache tuyanase. Kwa kawaida unayasikia, mfereji unakohoa kwanza, unatema hewa, halafu nyumba nzima inapiga kelele. Lakini siku hiyo nguo chafu zilikuwa rundo bafuni (ningefulia nini, mate?), nikaona wageni wakipanda juu wataziona, basi nikaufunga mlango wa bafu. Nikaufunga kabisa, na kitasa nikakijaribu.

Wageni wakaingia na wimbo tangu langoni. Mama Barasa akakaa kwenye kochi zuri na mumewe kando yake. Nikawanawisha mikono kwa maji ya mtungi, napiga magoti kama nilivyofunzwa, na yeye ananitazama vidole. Kisha akageuka, akalitazama bango.

"Hii ni nini?"

"Ni Maporomoko ya Viktoria, Mama. Yako kati ya Zambia na Zimbabwe."

"Umefika?"

"Bado, Mama."

"Na unataka kufika?"

Ningesema hapana, mambo yangeisha hapo. Ulimi ukanisaliti: "Ningependa sana, Mama. Mimi na Barasa." Barasa akaanza kuchunguza viatu vyake, na Mzee, baba yake, kwa huruma akasema tuombe.

Mzee alijua kuomba, wapendwa. Aliombea mvua, akaombea reli, akaombea wajane. Nikasikia kitu kikikohoa mahali fulani, nikajiambia ni kifua cha Mzee. Wakaimba tena pambio, tukarudi kwenye maombi, na alipokuwa akiwaombea walio safarini nikafungua jicho moja.

Bango lilikuwa linatiririka. Maji ya kweli yalikuwa yakishuka juu ya yale ya picha, yanamdondokea Mama Barasa kwenye kilemba. Naye alikuwa amefungua macho, ananitazama mimi. Barasa akaninong'oneza, "Nasimiyu, cheki, hiyo picha inavuja!" Kabla sijajibu uji wa ngano ukaachia, na Maporomoko ya Viktoria yakawafunika wakwe zangu wote wawili. Mzee akanguruma kutoka chini ya karatasi, "Shetani, ushindwe!"

Na mimi badala ya kuomba radhi nikapiga ukelele, "Maji yamekuja!"

Mama yangu akatoka jikoni na sufuria, Baba akakimbilia mitungi. Mama Barasa alijifunua, akavua viatu, akapanda ngazi kabla yangu. Nilimkuta amesimama mlangoni pa bafu, maji yamefika kwenye vifundo, na nguo zetu chafu zinaelea mbele yake, soksi za Baba zikiongoza. Nikaanza kulia palepale.

"Kizibo umeweka wewe?"

"Ni mimi, Mama. Na mfereji niliuacha wazi. Nilitaka yakija tusiyakose."

Akanikodolea macho. Kisha akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Uwi! Hata mimi wangu nimeuacha wazi!"

Kumbe Makadara nako walikuwa wakavu kama sisi, na nyumba wameifunga kwa kufuli. Kuku wa watu akabaki mezani. Tulitoka wote, Baba na ufagio, mimi na ndoo mbili, na tulipofika maji yalikuwa yakitoka chini ya mlango yakiwasalimu majirani. Tulipiga deki hadi jioni. Mimi na Mama Barasa tulishika zulia, kila mtu upande wake, tukilikamua.

"Kaza, mwanangu," akasema. Halafu, bila kunitazama: "Huko Zimbabwe, maji ni mengi kushinda haya?"

"Mengi sana, Mama."

"Basi mkishaoana, nendeni mkayaone. Mrudi tu."

Nililia mara ya pili, safari hii kwa furaha. Na tangu siku ile, hata nikienda dukani kununua chumvi, naukaza mfereji, natoka, halafu narudi kuukaza tena.