Wembe Uliofungwa Uzi

Mama Mishono alifumua magauni ya watu miaka ishirini bila kuchana kitambaa. Wateja wa cherehani walipopungua, akahamia karakana ya kompyuta ya shemeji yake, mdogo wa mumewe. Shemeji akampa ufagio.

Siku hiyo kulikuwa na kompyuta inayochemka kama jiko. Prosesa, ndiyo ubongo wake, ina kifuniko cha chuma kilichobanwa kwa gundi pembeni, na dawa ya kupitisha joto iliyo chini yake ilikuwa imekauka. Shemeji alishaua prosesa mbili wiki hiyo kwa kuzamisha wembe mno akikata gundi hiyo.

"Nipe mimi," akasema Mama Mishono.

"Shemeji, hii si suruali."

"Gundi nayo ni mshono. Lete."

Akauzungushia wembe uzi mpaka yakabaki makali kidogo tu, yasiweze kuzama hata mkono ukiteleza. Akafumua pembe moja, akageuza, akafumua nyingine. Kifuniko kikaachia kimya kimya, na chini yake hapakuwa na hata mkwaruzo. Akafuta dawa kavu, akapaka mpya, akarudishia kifuniko. Walipowasha, joto likashuka kutoka nyuzi tisini na tano hadi sitini na nane, likatulia hapo.

Mama Mishono alikunja mikono, kidevu juu.

Kesho yake shemeji aliweka wembe wake mpya mezani, akajikuna kichwa.

"Shemeji, nifungie na wangu uzi."

"Ufagio uko pale," akajibu Mama Mishono. "Ukimaliza, njoo nikufundishe."