Chupa ya Generosa Iliyokataliwa

Shangazi yangu Generosa wa Kasokola hajui kunong'ona, na hajui kudanganya. Kwa hiyo siku Innocent, mnunuzi wa mafuta ya kikundi chetu, alipoleta majibu ya maabara na kusema mafuta yake ya maganda ya machungwa yamechakachuliwa, mtaa mzima ulisikia alivyojibu.

"Mimi? Nichakachue? Nyie si mnanijua!"

"Mashine imeona mafuta ya kupikia humu, mama," Innocent alisema. "Wamekubali kupima chupa moja tu ya mwisho. Ikifeli, kikundi chenu basi."

Wanawake kumi na wawili wa kikundi wakamtazama kama mwizi. Na mimi nilimtazama vilevile, na hadi leo naona aibu.

Shangazi hakulia. Kesho yake alijaza maganda na maji kwenye pipa, akawasha moto, na mvuke ukapoa ndani ya bomba ukatoka kama maji na mafuta. Innocent alikuwa ametueleza kwamba tone la mafuta ya machungwa likikaa kwenye karatasi hupotea lote hewani, ila ya kupikia huacha doa. Basi akakinga tone la mafuta kwa karatasi pale pale kwenye mdomo wa bomba. Likakauka, karatasi ikabaki safi. Akadondosha jingine kutoka kwenye chupa iliyokataliwa. Doa likabaki linang'aa.

"Kati ya bomba na chupa kuna nini?" akaniuliza.

Kulikuwa na kata yake ya kibuyu, aliyokuwa akiengulia mafuta yanayoelea juu ya maji. Kila Jumamosi aliipaka mawese isipasuke, kama tunavyofanya wote huku. Mafuta ya machungwa yana ukali. Yalikuwa yakiyatoa mawese ndani ya kibuyu kidogo kidogo, naye akiyamimina chupani kwa mkono wake mwenyewe.

Mwingine angebadilisha kata akanyamaza. Yeye alichukua kijiko cha chuma, akaengua mafuta mapya, akajaza ile chupa ya mwisho, kisha akanituma niandike barua ya kueleza kosa lote. Kata nayo akaifunga kwenye mfuko iende pamoja na chupa. Nilimwambia anajianika bure.

"Waipime na hiyo," akasema.

Baada ya wiki tatu Innocent alirudi, akasoma mbele ya kikundi: mafuta ni halisi, hayakuongezwa kitu, na mawese ya chupa ya kwanza yalitoka kwenye kata. Nilijivunia shangazi yangu.

"Rudia," Shangazi akasema. "Kwa sauti. Wa nyuma hawajasikia."

Wa nyuma walikuwa wamesikia vizuri kabisa. Innocent akasoma tena.