Jino Alilolijua Mama

Mimi si mwoga. Nimezaa mara mbili bila kupiga kelele, na mafundi wa Nyakabanda wanaonishonea mapazia ya dukani kwangu wanaujua ukali wangu kuliko wanavyoujua uso wangu. Lakini nikiona kile kiti cha daktari wa meno, kile kinacholala chali chenyewe, miguu inanitoka kabla ya akili.

Mara ya kwanza nilitoroka kwenye benchi. Kliniki iko Kiyovu, ndani ya nyumba ya zamani yenye bustani, na mahali penyewe pako kimya mno, unasikia mashine ya kutoboa meno kupitia milango miwili. Nilimwambia msichana wa mapokezi kwamba natoka kidogo kupokea simu. Simu yenyewe ilikuwa imezimwa. Nikapanda pikipiki hadi Batsinda, kwangu, nikasukutua maji ya chumvi, nikabana karafuu kwenye jino na kujiita mjinga.

Mara ya pili nilifika hadi kitini. Daktari alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi, amekulia Uganda, ana mikono ya taratibu. Alipoingiza kile kioo chake kidogo mdomoni nikamshika kifundo cha mkono na kuking'ang'ania. Hakukasirika.

"Humura, mama," aliniambia, kama wanavyomtuliza mtoto. "Jino hii iko mbaya. Usaha iko ndani mpaka kwenye mzizi. Lazima itoke."

Nilitikisa kichwa kukataa.

"Unaogopa sindano?"

"Hapana."

"Unaogopa kuumia?"

"Siogopi kuumia."

"Sasa unaogopa nini?"

Ningemwambia nini, na taa ile inanimulika usoni? Alidhani ni aibu ya kubaki na pengo, akanieleza kwamba siku hizi wanatengeneza meno ya bandia ambayo hata mume hawezi kuyatambua. Jino la pembe si dawa ya pengo, nikawaza, nikashuka kitini na kwenda zangu.

Jino lenyewe ni chonge la juu, upande wa kushoto. Limepanda juu ya jirani yake, na nikicheka linatangulia kuonekana. Shuleni nilitaniwa nalo mpaka nikajifunza kucheka huku nimeziba mdomo. Mama hakupenda nizibe. Alisema dada yake mkubwa alikuwa na jino hilohilo.

Dada huyo sikuwahi kumwona. Mama alikimbilia Tanzania akiwa msichana, dada akabaki hapa Rwanda kwa mumewe. Mimi nilizaliwa Karagwe. Tuliporudi baada ya mauaji ya kimbari, hapakuwa na dada, wala mume, wala watoto, na hapakuwa na mtu wa kutuambia walilala wapi. Mama akaanza kutafuta. Kila aliposikia kwamba mahali fulani wameonekana watu, ndivyo tulivyosema, wameonekana, alifunga kitambaa kichwani akaenda.

Nilikuwa sekondari siku aliponichukua niende naye. Ilikuwa kwenye kilima nje ya mji, watu walikuwa wakichimba msingi wa nyumba wakakuta mifupa. Mifupa ilikuwa imeshaoshwa na kulazwa juu ya maturubai, na nguo zilizosalia zilikuwa pembeni. Watu walipita polepole katikati. Ukimtambua wako unataja jina lake, anatengwa na wengine. Mmoja alimtambua mume kwa mkanda, mwingine alimtambua mtoto kwa sweta. Mama hakushughulika na nguo, maana hakujua dada yake alikuwa akivaa nini ukubwani. Alikuwa akitazama meno. Alitembea mpaka jua likageuka, kisha akachuchumaa, akataja jina la dada yake kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwita aje kula.

Niliona lile jino lililopanda juu ya jirani yake. Nikafunga mdomo wangu, na ulimi ukaenda wenyewe kulipapasa langu. Niliogopa siku ile kuliko siku yoyote kabla yake, na woga ule haujaniacha.

Tangu hapo mama alianza tabia yake. Hakuna mtoto wake anayeaga bila kukaguliwa. Uwe unakwenda shule ya bweni, uwe unakwenda sokoni tu, atakusimamisha mlangoni na kusema, "Cheka nione." Unacheka, anatazama, anakuruhusu. Wageni hudhani ni upendo wa mama anayependa kuona wanawe wana furaha. Hata sisi hatukuwahi kuulizana. Lakini mimi nilijua alichokuwa akifanya. Alikuwa akitukariri.

Ndiyo maana sikuweza kukaa kwenye kile kiti. Nikilitoa hili, nilijiambia, mama atanijuaje? Nchi imetulia, barabara zinafagiliwa kila asubuhi, watoto wangu wanasoma, na mimi mtu mzima nilikuwa nikilinda jino bovu kama kitambulisho. Ni wazimu, najua. Kujua hakukunisaidia.

Kisha shavu likavimba mpaka jicho likafumba, homa ikapanda. Nikarudi Kiyovu mara ya tatu, kwa sababu sikuwa na pa kukimbilia tena. Daktari alinipa dawa za kuushusha uvimbe kwanza, na siku aliyoniita nilikwenda. Alinichoma ganzi, akaniuliza kama niko tayari, nami nikafumba macho. Hapakuwa na maumivu, ila ile sauti ya mfupa kuachana na mfupa niliisikia ndani ya kichwa. Nililia machozi tu, bila sauti. Nikamwomba anipe jino langu. Alilisafisha na kulifunga kwenye pamba bila kuuliza.

Nilikwenda moja kwa moja Nyakabanda, kwa mama. Alikuwa amekaa sebuleni akichambua maharage. Nilipiga magoti mbele yake, nikafungua mdomo, na lile jino nikaliweka kwenye kiganja chake.

Alitazama pengo kwanza, kisha jino. Aliligeuza kwa kidole, huku na huku.

"Yooo, mwanangu," akasema. "Lilikuuma na ukaninyamazia?"

"Niliogopa hutanijua," nilisema, maneno yakitoka yamepinda kwa ganzi. "Kama ulivyomjua yeye."

Ungo wa maharage ulikuwa bado mapajani mwake.

"La dada yangu lilikuwa upande huu wako," akasema hatimaye. "Kushoto. La yule wa kilimani lilikuwa kulia."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamuuliza aliligundua lini.

"Palepale, nilipochuchumaa."

"Na ukamtaja?"

"Wenzake walishatajwa. Yeye watu walimpita, wakarudi, wakampita tena." Alilifunga jino kwenye pamba yake, polepole. "Na mimi nilikuwa nimechoka kurudi nyumbani bila mtu. Nikasema huyu nitamchukua mimi. Huenda na dada yangu, huko aliko, kuna mama wa watu alimchukua hivyohivyo."

Nilikumbuka kila Aprili ya maombolezo tuliyokwenda kuweka maua kwenye kaburi la yule wa kilimani, na jinsi mama alivyokuwa akimsimulia habari zetu, nani ameolewa, nani amezaa, akimwita dada. Miaka yote hiyo alijua anazungumza na mgeni. Sikujua nimlilie nani, dada ambaye hakuonekana au yule ambaye hakutafutwa, na nikajikuta nawalilia wote wawili.

Mama aliweka ungo chini. Akanishika kidevu kwa vidole vyenye vumbi la maharage, akanigeuzia uso kwenye mwanga wa dirisha.

"Cheka nione."

Nilicheka, nusu ya mdomo ikiwa bado imekufa ganzi. Alitazama pengo jipya mpaka akatosheka.

"Wewe nitakutaja tu," akasema. "Hata kama si wewe."